Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Sanduku lina kufuli tatu, simu ina ngapi?

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu wanachama, Bwana Yesu asifiwe, asalaam aleikum.

Hesabu za mwaka atazisoma mweka hazina, na daftari la mikopo liko mezani kwa yeyote anayetaka kulifungua. Kwa kifupi tu: vikao tulikaa, hisa zilinunuliwa, marejesho yalikuwa mazuri kuliko mwaka uliopita, na kwenye misiba hakuna mwenzetu aliyeachwa peke yake. Kamati ya misiba nawashukuru sana, hasa kwa ule wa Old Moshi, ambao mvua ilitukuta njiani na bado mlifika na sufuria zote. Baada ya hayo naomba ruhusa yenu nitumie sehemu kubwa ya taarifa hii kwa jambo moja, maana ndilo lililoninyima usingizi. Wanachama wetu wametapeliwa kwa simu. Si mmoja, na si wajinga.

Sanduku letu mnalijua. Lina kufuli tatu, na funguo zinalala nyumba tatu tofauti. Mimi mwenyekiti siwezi kulifungua, mweka hazina hawezi, hata sisi wawili tukipatana hatuwezi. Fedha zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote, na anayenunua hisa anaona mhuri ukigongwa kwenye kitabu chake. Tangu tuanze hatujapoteza humo hata shilingi mia. Sasa fedha hizo hizo, mtu akishakabidhiwa mkopo wake, anapita kwa wakala, anaziweka kwenye simu, na kuanzia hapo zinalindwa na tarakimu nne na mtu mmoja, tena mtu mwenye haraka zake.

Nitaeleza ya mwenzetu wa Soko la Memorial. Ameniruhusu, na jina lake silitaji. Alikuwa anaagiza belo la magauni ya watoto kwa tajiri wake wa Dar es Salaam, ambaye wamefanya biashara miaka. Asubuhi waliongea, wakakubaliana bei. Akiwa njiani kwenda kwa wakala, ujumbe ukaingia: “Ile hela usitume namba ile ina shida, tuma kwenye hii, jina litakuja tofauti usijali.” Akajua ni tajiri. Wakala alimuuliza vizuri kabisa, “Mama, jina ndilo hili?” Akajibu ndilo, kwa sababu ujumbe ulikwishamwandaa kwa swali hilo. Fedha ya belo zima ikaondoka.

Nimesikia watu wakisema hakuwa makini. Mimi sikubali. Usomeni tena ule ujumbe. Hautaji jina la mtu, hautaji kiasi, hautaji mzigo. Unatumwa kwa namba nyingi kwa pamoja kama anayetupa wavu. Na katika mji kama wetu, siku ya soko, hakosekani mtu aliyeshika hela anaenda kuituma: kodi ya nyumba, ada, mzigo. Wavu unamngoja huyo mmoja tu. Siku hiyo alikuwa yeye, kesho ni mimi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba alinyamaza siku kumi na moja. Alikuja nyumbani kuomba aongezewe muda wa rejesho, akasema mtoto anaumwa. Nikamuuliza amelazwa wapi, nikamwone. Hapo ndipo akalia. Siku kumi na moja, ndugu zangu. Kampuni ya simu inaweza kuizuia fedha ikiwa bado imo kwenye akaunti ya tapeli. Ikishatolewa taslimu kwa wakala, hakuna tena cha kuzuia. Saa ile ile ilikuwa ni kupiga 100 huduma kwa wateja, kuupeleka ule ujumbe na namba iliyoutuma kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, na kwenda kituoni kuchukua RB, ile namba ya taarifa yako polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu mwaka 2015, lakini polisi hawawezi kuanzia kwa mtu aliyejifungia ndani na aibu yake. Na aibu yenyewe ilitoka wapi? Ilitoka kwetu, kwa namna tunavyowasema wenzetu vijiweni.

Sasa niwape la Mbuyuni, lililoishia vizuri. Mwenzetu anayeuza maharage alipigiwa simu saa tano asubuhi. Mtu akajitambulisha ni mwalimu wa zamu: mwanao ameanguka, yuko hospitali, daktari anahitaji laki mbili sasa hivi ya upasuaji, tuma kwenye namba ya daktari. Jina la mtoto alilitaja. Kidato alikitaja. Mama ameacha debe wazi, maharage yanamwagika, mikono inatetemeka, na amekwishafika kwenye namba ya siri. Jirani yake wa meza ya pili, anayeuza ndizi, alimshika mkono akamnyang'anya simu, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akamwambia, “Kwanza mpigie matroni.” Matroni alipopokea, mtoto alikuwa darasani kwenye mtihani wa hesabu.

Yule mama wa ndizi hajui mambo ya mitandao. Alichofanya ni kuwa ufunguo wa pili. Tapeli anajua hilo, ndiyo maana maneno yake ni yale yale siku zote: sasa hivi, usikate simu, usimwambie mtu. Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwenu ni jepesi. Ukitaka kutuma fedha kwenye namba mpya, au namba ya zamani iliyobadilishwa, usitume peke yako. Mwonyeshe jirani wa meza, mume, mke, binti yako. Kisha piga simu kwenye ile namba uliyokuwa nayo siku zote, uisikie sauti. Na sauti siku hizi inaigizwa, basi uliza kitu cha nyumbani ambacho mgeni hawezi kukijua. Ng'ombe wa bibi kule Kibosho anaitwa nani? Ndugu yako atajibu huku anacheka.

Lakini tujiulize: jina la mtoto na kidato chake walivipata wapi? Hili limenifanya niangalie tunavyotunza karatasi zetu. Mwezi wa saba nilinunua karanga kwa kijana pale stendi. Nilipoifungua ile karatasi niliona sura ya mtu. Ilikuwa kopi ya kitambulisho cha taifa, picha, jina, namba, vyote vinasomeka. Nadhani ilikuwa ni ile kopi iliyotoka vibaya, ikatupwa, ikakusanywa na wanaouza makaratasi. Nilirudi ofisini nikafungua kabati letu, nikakuta kopi za vitambulisho vya wanachama, wakiwemo waliokwishahama mji, ndani ya faili lisilo na kufuli. Kosa hilo ni la uongozi, na mimi ndiye wa kwanza.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Aliyeiona karatasi yako ameuona mwaka wako. Na wangapi humu namba zao za siri ni mwaka wa kuzaliwa? Msinyooshe mikono. Nendeni mkabadilishe leo kabla ya chakula.

Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inamgusa kila anayekusanya taarifa za watu. Anatakiwa aseme anazitakia nini, azilinde, na asizishikilie zaidi ya haja. Sisi tunakusanya, kwa hiyo inatugusa. Kopi za waliotoka tumezichoma mbele ya wajumbe watatu, zilizobaki ziko ndani ya kabati la chuma lenye kufuli. Na mkienda kutoa kopi steshenari, kopi iliyoharibika ni yako pia, ondokeni nayo.

Yapo mengine nitayapitia haraka. Wanaosajili laini barabarani wakikuambia “kidole hakijasoma, weka tena”, uliza kwa nini. Baadaye piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, ipeleke kwenye duka la kampuni husika ifutwe. Wenye kupoteza simu stendi, kumbukeni kibaka hahitaji simu yako ifunguke. Anachomoa laini anaiweka kwenye simu yake, na ujumbe wa kuthibitisha WhatsApp unaingia kwake. Laini yenyewe inawekewa namba ya siri, akikosea mara tatu inajifunga.

WhatsApp ndiko tulikoumizwa kama chama. Mjumbe mmoja aliombwa zile tarakimu sita za kuthibitisha WhatsApp, “nimezituma kwako kimakosa dada”, akazituma. Dakika chache baadaye yule mtu alikuwa ndani ya grupu letu kwa picha na jina la mjumbe, anakusanya rambirambi za msiba ambao kweli tulikuwa nao. Wanachama wawili walituma. Tangu siku hiyo michango inapokelewa kwenye lipa namba moja tu, inayotokea kwa jina la chama, na imeandikwa nyuma ya kitabu chako cha hisa. Namba nyingine yoyote, hata ikitumwa na mimi, ni ya uongo. Hasa Desemba, ndugu zetu wanapopanda nyumbani na michango ya harusi na nauli inapogongana.

Kuhusu mikopo ya mtandaoni, wengi wetu tulitumiwa ujumbe wa matusi kuhusu mwenzetu aliyechelewa kulipa. Programu ile ilikuwa imeomba ruhusa ya kuona namba zote kwenye simu yake, akakubali bila kusoma, na hivyo akawakabidhi na namba zetu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni. Mwenye shida aje kwetu kwanza. Mfuko wa jamii tumeuweka kwa ajili hiyo.

Sasa nafika kwenye jambo la kupigiwa kura, na kamati haikuafikiana. Wajumbe wengine wanaona aliyetapeliwa fedha ya mkopo alipe kwa tarehe ile ile na faini ikimhusu, vinginevyo kila mtu atasema ametapeliwa. Hoja yao ina uzito, siidharau. Mimi napendekeza hivi: mwanachama atakayetoa taarifa kwa kiongozi yeyote siku ile ile, akiwa na RB na ujumbe wenyewe kwenye simu, aongezewe miezi mitatu bila faini. Atakayeficha asiongezewe. Nataka mtu aliyeibiwa atukimbilie sisi kabla hajaikimbilia aibu.

Kabla ya kura, mwenzetu wa Memorial ameniambia asubuhi hii kwamba atasimama mwenyewe aeleze. Naombeni simu zizimwe, tumsikilize mpaka amalize.

Mwenyekiti,
Moshi