Malalamiko: kozi yenu ya Kisindarini imenikosoa nilipopatia

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: USAHIHISHAJI WA MTIHANI WA KISINDARINI, HATUA YA PILI

Mimi ni mteja wenu niliyelipia hatua zote mbili za kozi ya Kisindarini, lugha ya Waelfi (viumbe wa hadithi) iliyotungwa na mwandishi J.R.R. Tolkien, kwenye programu yenu ya simu. Mtihani wa mwisho umeniwekea mikasi mahali nilipopatia. Nilipolalamika, dawati lenu la msaada lilinijibu kwa sentensi moja: lugha hii imetungwa tu, kwa hiyo hakuna jibu moja lililo sahihi. Basi naomba kuuliza, kama hakuna jibu sahihi, zile alama 61 mlinipimia kwa kipimo gani?

Tolkien hakutunga orodha ya maneno akaishia hapo. Alianza na lugha mama ya Waelfi, akaizalia Kikwenya na Kisindarini, kisha akaamua kila sauti ya mama ipite njia gani hadi ifike kwa mtoto. Ndiyo maana baba ni atar kwa Kikwenya na adar kwa Kisindarini: ile t iliyokaa kati ya irabu imelainika ikawa d. Sauti kw ya zamani ilibaki upande wa Kikwenya ikageuka p upande wa pili, na kutoka hapo tunapata alqua na alph, yule ndege mweupe wa majini mwenye shingo ndefu. Hayo mmeyafundisha vizuri katika somo la tatu, siwanyimi haki yenu. Na tangazo lenu lilisema kozi "inafuata historia ya sauti". Nilitoa fedha yangu kwa sababu ya maneno hayo.

Sasa tuje kwenye mtihani. Mnafundisha kwamba baada ya kibainishi i (neno dogo linalotangulia nomino, kama "the" ya Kiingereza), p hugeuka b. Katika umoja ni kweli: perian (hobiti, mmoja wa watu wafupi wa hadithi za Tolkien), i berian. Lakini kibainishi cha wingi ni in, na n yake haiondoki kimyakimya. Ikikutana na p, yenyewe hupotea na p huwa ph, inayotamkwa f. Ndiyo maana, katika hadithi, watu wa mji wa Minas Tirith walimwita hobiti Pippin Ernil i Pheriannath, yaani Mwanamfalme wa Mahobiti. Niliandika hivyohivyo. Programu ikaniwekea mkasi na kunipa "sahihisho": i Beriannath.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili kosa hili ni gumu kulisamehe. Tunasema watu wawili lakini siku mbili, mti mrefu lakini kamba ndefu. Nazali (sauti ya puani, kama n au m) iliyo mbele ndiyo iliyozibadilisha w na r. Mbele ya p, t na k nazali yetu nayo hupotea ikaacha mpumuo tu, kama katika ukuta na kuta, na wapo wazungumzaji ambao mpumuo huo bado unasikika vinywani mwao. Mngemwuliza mwalimu yeyote wa sarufi yetu, angewaambia kwamba kukutana na nazali na kukutana na irabu ni mambo mawili tofauti.

Swali lililofuata lilikuwa vivyo hivyo. Dangen ni aliyeuawa, wingi wake dengin. Mzizi wa neno hilo ulianza na nd. Neno likisimama peke yake, n imedondoka, lakini ndani ya jina refu inajitokeza tena: Haudh-en-Ndengin, Kilima cha Waliouawa. Jina hilo limechapishwa hivyo katika maandishi ya Tolkien mwenyewe. Mtihani wenu ulitaka Haudh-en-Dengin.

Lililoniudhi kuliko yote ni somo la tisa. Mnasema Kisindarini "kilibadilisha s kuwa th", na mfano wenu ni Isil na Ithil, yaani mwezi. Mmegeuza mto utiririke kupanda mlima. Sauti ya asili ni th. Kisindarini kiliihifadhi, ni Kikwenya cha Wanoldor, ukoo mmoja wa Waelfi, ndicho kilichoiacha kikachukua s. Na hapa si suala la herufi tu, kwa sababu Tolkien aliandika insha nzima kuhusu badiliko hili moja mwaka 1968, ikachapishwa 1996. Mama yake Fëanor, mwanamfalme wa Wanoldor, aliitwa Míriel Therindë. Wengine walipoanza kutamka Serindë, mwanawe alilichukulia kuwa tusi kwa marehemu, akashikilia th kwa ukaidi, na namna ya kutamka ikawa alama ya nani yuko upande wa nani. Mkiligeuza badiliko hilo, ugomvi wote wa familia ile unakosa maana. Sijui mnamweleza vipi mwanafunzi hasira ya Fëanor kama s ndiyo iliyotangulia.

Yapo madogo pia. Galadriel, bibi wa Kielfi katika hadithi hizo, mmemtafsiri "binti wa miti". Jina lake linatokana na galad, mng'aro. Mti ni galadh. Tolkien alieleza kwamba hata ndani ya hadithi wapo waliochanganya maneno hayo na kumwita Galadhriel, kwa hiyo mnafundisha kosa ambalo mwandishi alikwisha kulitaja kuwa ni kosa. Jani mmeandika lhass katika somo la pili na lass katika somo la sita, bila neno la maelezo. Lhass imetoka kwenye ile orodha ya mizizi ya miaka ya 1930 iliyochapishwa 1987, wakati lugha hiyo bado ikiitwa Kinoldorini na l ya mwanzo ikiandikwa lh. Kuitumia si dhambi. Kuichanganya na umbo la baadaye bila kumwambia mwanafunzi ndiko kunakomchanganya.

Naomba mtihani wangu usahihishwe upya kwa maswali niliyoyataja, somo la tisa liondolewe hadi lirekebishwe, na maneno ya Kinoldorini yawekewe alama popote yalipo. Msipoweza kufanya hivyo ndani ya siku thelathini, nirudishieni malipo ya hatua ya pili. Ya kwanza siidai, ilinifaa. Naomba pia jibu liandikwe na mtu aliyehusika kuandaa masomo, maana dawati la msaada limenizungusha mara tatu kwa ujumbe uleule.

Nimeambatisha picha za maswali yote na majibu niliyoandika.

Wenu,
Mwanafunzi wa hatua ya pili

N.B. Cheti mlichonitumia kina jina la programu yenu kwa Kisindarini, na kibainishi chake ni cha wingi ilhali nomino ni ya umoja. Sijakitundika.