Mabadiliko ya zoezi la mwisho kabla ya mahafali

Ndugu wapiga ngoma, habari za jioni.

Maandamano ya wahitimu Jumamosi yataanza saa 2:00 asubuhi badala ya saa 4:00. Zoezi la mwisho litafanyika Ijumaa saa 10:00 jioni katika uwanja wa mpira, si ukumbini, kwani mwangwi wa ukumbi huwafanya wapiga tarumbeta walioko mbele wasikie ngoma kubwa kwa kuchelewa na safu nzima ikapoteza hatua.

1. Tumezoea hatua 120 kwa dakika, lakini wahitimu watakuwa na majoho na wazee wao pembeni, hivyo tutapunguza mwendo. Ngoma kubwa ndiyo itakayotuongoza, tafadhali tuisikilize.

2. Kila mmoja arekebishe mkanda wake mapema, ngoma isigonge goti anaponyanyua mguu.

3. Mchango ni shilingi 3,000 kwa ajili ya ngozi ya ngoma kubwa, iliyochanika ukingoni, na vijiti vya akiba. Mweka hazina apokee yote kabla ya Alhamisi saa 12:00 jioni.

Naomba kila mmoja athibitishe hapa kwa kuandika "Nipo" au "Sitakuwepo" kabla ya kesho saa 3:00 usiku, ili nipange mistari. Nawashukuru sana kwa kujituma kwenu.