"Inatembea" Haitoshi: Kabla Hujanunua Saa ya Zamani ya Kuvaa Kila Siku

Mteja huingia na saa mkononi na neno moja mdomoni: inatembea. Kainunua majuzi. Muuzaji aliitikisa kidogo mbele yake, akrabu ya sekunde ikaanza kuzunguka, wakaafikiana bei. Wiki tatu baadaye saa inasimama usiku, au inachelewa dakika kumi kwa siku, na mwenyewe anadhani kaiharibu yeye. Mara nyingi hajaiharibu. Aliinunua ikiwa mgonjwa tayari, ila hakuna aliyeipima.

Saa nyingi za kujaza kwa mkono za miaka ya 1950 hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara tano kila sekunde. Kwa siku nzima ni mapigo 432,000. Kila pigo ni chuma kinasugua kijiwe kigumu kilichomo ndani ya saa, na kati yao kuna tone la mafuta ambalo bila lenzi hulioni. Mafuta hayo hukauka. Yakishakauka hugeuka gundi, au huchanganyika na vumbi la chuma yakawa kama msasa. Na saa itaendelea kutembea, kwa sababu kamani, ile springi unayoijaza, ina nguvu ya kuyasukuma magurudumu hata yakiwa yanaumia. Hapo ndipo watu wanapodanganyika.

Juzi tulifungua moja ambayo kwa nje ilipendeza kweli: uso mweupe, mkanda mpya, kioo kimeng'arishwa. Ndani, kuzunguka matundu ya ekseli, kulikuwa na duara jeusi kama machicha ya kahawa chini ya kikombe. Tulipoisafisha ekseli moja na kuiweka chini ya lenzi, ilikuwa imechimbika mfereji, kama ukingo wa kisima ulioliwa na kamba. Uchafu tunauosha. Mfereji hauoshwi, ekseli hiyo ilibidi ibadilishwe, na kuipata ilikuwa kazi kuliko kuifunga.

Kwa hiyo usiulize tu kama inatembea, uliza inatembeaje. Baadhi ya majibu unaweza kuyapata mwenyewe kabla ya kulipa. Ijaze polepole kwa kile kifundo cha pembeni. Unatakiwa usikie mkwaruzo laini, wa aina moja tangu mwanzo, na mkono uhisi ugumu ukiongezeka kidogo kidogo mpaka ikatae. Ikikata na kuruka katikati, kuna meno yameisha. (Ikiwa ni ya kujijaza kwa mwendo wa mkono haitakataa, usingoje.) Kisha iweke sikioni ikiwa imelala chali, halafu kifudifudi, halafu isimamishe kwa ubavu. Mlio uwe sawa, tik na tak zigawane muda kwa usawa. Ikiwa imara ilipolala lakini inafifia unapoisimamisha, ujue mkononi mwako itateseka, maana mkono hauitulizi saa katika mkao mmoja.

Kama muuzaji anakubali, iache itembee saa 24 na uilinganishe na simu. Saa ya umri huo iliyotunzwa vizuri ikikosea sekunde 10 au 20 kwa siku, sisi tunairidhia. Ikikimbia mbele kwa dakika nyingi ghafla, pengine imeshika sumaku tu, na hilo tunalitoa kwa muda mfupi sana.

Kwenye meza yetu tunaisikiliza kwa mashine ya kupimia mwendo. Watu hutazama kasi, sisi hutazama kwanza nyuzi za pembe: gurudumu la mizani, lile linalokwenda na kurudi kwa kila pigo, linayumba kwa upana gani. Ikiwa imejazwa kabisa na imelala chali, nyuzi 270 hadi 300 ni afya njema. Kwa mzee tunaridhika na 250. Chini ya 200, hata kama majira yake ni sahihi siku hiyo, hiyo ni saa inayohema.

Uso wa saa unahitaji jicho lako zaidi ya kitu kingine chochote, kwa sababu mashine ya ndani ya saa inaoshwa, kioo cha plastiki kinasuguliwa mikwaruzo ikatoka, lakini uso ukishaharibiwa haurudi. Wengi huona madoa na rangi iliyofifia wakaikataa saa, kisha wakachukua iliyopakwa rangi upya. Sisi tungefanya kinyume. Sogeza lenzi kwenye maandishi. Herufi za kiwandani ni nyembamba na kingo zake zimekatika vizuri. Za kupakwa upya hunenepa, hupinda, na vijistari vya dakika havikai sawa na alama za saa. Uso unaong'aa kama wa jana juu ya kasha lililochakaa unatakiwa ukutie shaka. Na kasha lenyewe: kingo za miguu inayoshika mkanda zikiwa zimelainika kama sabuni iliyotumika, limesuguliwa mara nyingi mno.

Kuhusu alama zinazong'aa gizani, tuwe wazi. Hadi miaka ya 1960 viwanda vingi vilitumia radiamu, madini yenye mionzi ya hatari. Mng'ao wake hufa, lakini radiamu yenyewe huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu. Kilichochoka ni ile rangi inayowaka. Saa hiyo ikiwa imefungwa na kioo chake kizima, usiifungue nyumbani, wala usikwangue unga wake. Baadaye ilikuja tritiamu, ambayo ni dhaifu zaidi na hupungua nusu kwa takriban miaka 12. Mara nyingi utaona herufi T pembeni ya neno Swiss chini ya uso.

Ikiwa unafanya kazi ya mikono, tafuta saa yenye kinga ya mshtuko. Neno Incabloc, jina la kinga moja ya aina hiyo, kwenye uso au kwenye mashine ni dalili nzuri. Ncha za ekseli ya gurudumu la mizani zina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na bila kinga anguko moja sakafuni linatosha kuzivunja.

Maji? Usiyaamini maandishi ya mgongoni. Mpira wa kuzuia maji hugeuka mgumu kama plastiki, au lami. Ivue unapooga.

Na vipuri. Siku ya Krismasi mwaka 1969 Seiko walianza kuuza Astron, saa ya mkono ya kwanza ya kwatzi (ya betri, isiyojazwa), na miaka iliyofuata viwanda vingi vya saa za kujaza vilifungwa. Kwa saa ya kila siku, chagua mashine iliyotengenezwa kwa wingi, kama za ETA, AS au Seiko, yenye akrabu tatu na pengine tarehe. Kronografu (saa yenye kipima muda cha kuanzisha na kusimamisha) ya kampuni iliyokufa ni nzuri, lakini iache kwa siku maalumu. Saa ikiwa na tarehe, usiibadilishe tarehe hiyo kwa haraka kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku. Meno yanakuwa yameshikana na unaweza kuyavunja.

Katika hesabu zako weka na gharama ya kuosha na kutia mafuta tangu siku ya kununua, isipokuwa muuzaji ana karatasi ya fundi yenye tarehe.

Ukituletea tuipime, tafadhali usiijaze asubuhi hiyo. Tutaijaza wenyewe na kuipima ikiwa imejaa, kisha tuiache mezani na kuipima tena kesho yake saa ileile. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayotuambia kama inataka kuoshwa tu au kuna kitu ndani kimeliwa.