"Nipe gazeti jingine!"

Mhariri,

Juzi usiku nilikuwa na wajukuu sebuleni tunatazama filamu ya vita yenye tafsiri ya Kiswahili chini ya picha. Askari mmoja kaishiwa risasi, kajibanza nyuma ya ukuta, anamfokea mwenzake. Chini pakaandikwa: "Nipe gazeti jingine, haraka!" Mjukuu wangu mdogo akauliza, "Babu, huyu anasoma saa hizi?" Tulicheka hadi chai ikamwagika mkekani.

Aliyetafsiri, kama si mashine, alikutana na neno magazine la Kiingereza akabeba maana iliyo karibu. Kumbe hiyo siyo maana ya asili. Asili yake ni Kiarabu: makhzan ni ghala, wingi wake makhazin. Waitaliano wakalifanya magazzino, Wafaransa magasin, na Waingereza wakalipokea karne ya 16 likiwa bado ni ghala. Likaingia jeshini: kwanza ghala la baruti, baadaye kile kikasha cha risasi kinachochomekwa kwenye bunduki, ambacho hata sisi tunakiita magazini. Habari ya kusoma ilikuja 1731, Edward Cave alipoanzisha The Gentleman's Magazine huko London. Alikuwa akiokota maandishi kutoka magazeti mengine na kuyaweka pamoja, basi akaliita ghala. Waliomfuata wakaiga jina, likazoeleka. Mfaransa mpaka leo ukimtajia magasin anafikiria duka.

Kinachoniuma ni kwamba neno lenyewe ni la ukoo wetu. Kitenzi khazana, yaani kuweka akiba, ndicho kilichozaa pia khazina ya Waarabu, nasi tukapata hazina. Mweka hazina wa kikoba chetu, mama mkali mwenye sanduku la kufuli tatu, anashika cheo chenye mzizi mmoja na kile kikasha cha askari. Nilipomweleza alijibu kwamba lake halina risasi, ila wadaiwa wanaliogopa vilevile.

Simlaumu mtu kwa kutojua safari yote hii ya neno. Lakini wanaotuonyesha filamu hizi wamlipe japo mtu mmoja atazame picha kwanza, aone askari kashika nini mkononi, ndipo aandike.

Msomaji wenu,
Tanga