Kwako wewe unayetaka kuacha sigara tena

Ndugu yangu,

Ujumbe wako nimeusoma. "Nataka kuacha, safari hii kweli. Nisaidie." Basi, hayo tu, kana kwamba kati yetu hakuna lililotokea. Usiku ule sikujibu. Kila nilipoanza kuandika nilijikuta narudi kwenye ile harusi, nikafuta. Leo nakujibu hapa mbele za watu, kwa sababu na wewe ulinisema mbele za watu, na wengi wa waliocheka siku ile husoma ninayoandika.

Nimefurahi. Hilo ulijue kabla ya mengine yote. Kikohozi chako cha alfajiri nakijua tangu tulipokuwa tunalala chumba kimoja, na kila nikikusikia kwenye simu ukikatiza maneno ili ukohoe, moyo unanienda mbio. Hakuna habari ninayoitamani kutoka kwako kuliko hii.

Lakini ile harusi lazima tuizungumze. Ulikuwa ndani ya wiki ya kwanza, wiki ngumu kuliko zote. Wewe mwenyewe ulichagua kiti cha mbali na mlango ili usiwaone wanaotoka kwenda kuvuta. Halafu akaja yule bwana, jina lake silitaji, unamjua. Akaketi, akatoa pakiti, akasema, "Moja tu, leo ni harusi." Nikamwambia umeacha. Akaniuliza, "Kwani wewe ndiye mkewe?" Meza nzima ikacheka. Hilo nililimeza, harusini watu husema mengi. Wewe ukanyoosha mkono ukaichukua ile fegi. Ukawasha, ukavuta pafu refu, ukanitazama usoni, ukawaambia, "Mwacheni huyu, ananihesabia hata pumzi."

Sigara nilikusamehe pale pale. Maneno yale sijayasamehe mpaka leo.

Nani aliyeniomba nihesabu? Ni wewe uliyenikabidhi kiberiti chako ukasema nikikukuta na kingine nikunyang'anye. Ni wewe uliyesema ninuse shati lako jioni. Ni wewe uliyesema nikuulize kila siku hata ukikasirika, tena ukasisitiza, "hasa nikikasirika." Nilifanya ulichoniagiza, neno kwa neno. Najua wapo wanaosema rafiki wa anayeacha sigara asijigeuze askari. Sawa, lakini uaskari ule sikuuomba, nilikabidhiwa. Nilipoinuka nikaenda zangu usiku ule sikukutupa. Nilingoja neno moja kutoka kwako, na hata katika ujumbe huu wa sasa neno hilo halimo.

Wasomaji mtanivumilia, haya ni yetu wawili.

Uliwahi kuniambia mwenye shibe hamjui mwenye njaa, kwamba mimi sijawahi kuvuta, kwa hiyo arosto siijui. Kweli siijui. Ila nimeisoma kwa bidii kwa ajili yako. Ukivuta, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache tu, pengine 10 hadi 20. Baada ya kama saa 2 nusu yake imeshatoka kwenye damu, na mwili unaanza kudai tena. Ndiyo maana asubuhi mkono wako ulikuwa unatafuta pakiti kabla hujafungua macho vizuri. Wale wanaosema ni udhaifu wa tabia wananikera. Ukiacha, siku 2 au 3 za mwanzo ndizo kali zaidi: hasira, usingizi kukatika, huzuni isiyo na sababu, akili kutotulia. Kisha vinapungua pole pole kwa wiki 2 hadi 4. Wewe ulianguka harusini wakati mlima mkubwa umeshauvuka, na hilo ndilo linaloniuma.

Ndiyo maana safari hii sitaki uende mikono mitupu. Nilikuambia wakati ule utumie dawa, ukajibu kwamba mwanamume huacha kwa moyo wake. Katika kila watu 100 wanaoacha bila msaada wowote, ambao bado hawavuti baada ya miezi 6 hadi mwaka ni kama 3 hadi 5. Hao wengine moyo walikuwa nao. Plasta za nikotini unabandika kwenye ngozi, zinakupa kiasi kidogo kidogo mchana kutwa. Jojo zenye nikotini ni za pale hamu inapokushika ghafla, na kutumia vyote viwili pamoja husaidia kuliko kimoja peke yake. Ila jojo hiyo haitafunwi kama peremende. Unatafuna taratibu mpaka uhisi ukali wake, unaiweka kati ya shavu na fizi, ukali ukiisha unatafuna tena. Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizi kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, kwa hiyo si mambo ya kubahatisha. Upo pia mchanganyiko wa vidonge na ushauri wa daktari. Kidonge kimoja kinaitwa vareniklini, na kwa kawaida huanza kumezwa wiki moja au mbili kabla ya siku yenyewe ya kuacha. Kamuulize daktari kama kinakufaa.

Ulisema plasta ni kubadilisha sumu kwa sumu. Hapana, kaka. Nikotini ndiyo iliyokufunga, lakini kinachoua ni moshi. Ndani ya moshi ule mna kemikali zaidi ya 7,000, na kama 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Kwenye plasta hakuna moshi.

Na kahawa punguza. Sigara huufanya mwili uondoe kafeini haraka, ukiacha kuvuta kafeini inakaa muda mrefu zaidi. Wiki ile ulikuwa unakunywa kikombe juu ya kikombe, mikono inakutetemeka, usiku hulali, ukadhani yote ni arosto. Tuligombana usiku kucha, na nina hakika nusu ya ugomvi ule ilikuwa kahawa.

Kuhusu kuchelewa, neno hilo sitaki kulisikia tena. Mtafiti Mwingereza Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza kuanzia 1951 kwa muda wa miaka 50. Walioacha wakiwa na miaka 40 hivi walijiongezea kama miaka 9 ya kuishi kuliko walioendelea, wa 50 miaka 6, hata wa 60 walipata 3. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, akaacha alipoona utafiti wake wa mwanzo unakoelekea. Hesabu umri wako, uone unacho kiasi gani cha kuokoa.

Mimi nitakuwepo, lakini si kwa namna ile. Shati sinusi. Kiberiti sishiki. Ukishikwa na hamu nipigie simu, hata usiku wa manane. Kwa kawaida hamu huja kwa nguvu dakika chache kisha inalegea, na dakika hizo tutaongea chochote, mpira, watoto, hata siasa unazozipenda nisizozipenda. Ukiteleza ukavuta moja, niambie wewe mwenyewe siku hiyo hiyo. Sitafoka. Moja si kurudi, kurudi ni pale unapoanza kuificha. Lakini ukinidhihaki tena mbele ya watu kwa sababu ya jambo uliloniomba, nitaondoka, na safari hiyo usinitafute. Nakupenda, ila nami nina uso.

Panga siku, uniambie mapema niombe ruhusa kazini kwa zile siku 3 za kwanza, nije nikae kwako. Na yule bwana wa harusini mwambie wewe, kwa mdomo wako, kwamba umeacha na asikupe. Mimi nilishamwambia mara moja, na wewe ulikuwepo.