Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: kabla ya mtambo mwingine, flatibaa na dayo geji

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Yah: Maabara ya mekanika ya matirio kwa wanafunzi wa uhandisi

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi tunaofundisha somo hili, la jinsi vitu kama chuma vinavyobeba mzigo, kurefuka na kupinda, na kusimamia maabara zake tunaomba kwamba, kabla fedha hazijapelekwa kwenye mtambo mwingine mkubwa, kila mwanafunzi apime chuma kwa mikono yake na asahihishiwe vipimo vyake mwenyewe, si majibu yanayofanana na ya kitabu.

Mtambo wa kuvuta nondo tunauheshimu, ila una hesabu zake. Nondo ya mm 12 ina eneo la takribani mm² 113. Ikiwa ni ya daraja la 500, yaani newtoni 500 kwa kila mm², huanza kulegea (kurefuka bila kurudi) kwenye kilonewtoni (kN) 57 hivi, na mtambo wa kN 100 unaimudu. Nondo ya mm 16 ya daraja hilohilo inahitaji kN 100 ili ianze tu kulegea, na zaidi ya hapo ili ikatike. Anayeandika zabuni bila hesabu hii ya mistari miwili huleta mtambo usioweza kukata nondo ya kawaida ya nguzo.

Kasoro nyingine haionekani kwenye zabuni. Mtambo ukija bila ekstensomita, kifaa kinachobanwa kwenye nondo yenyewe kupima inavyorefuka, mwanafunzi hulazimika kusoma mwendo wa taya za mtambo. Ndani ya mwendo huo kuna nondo inayoteleza kwenye meno, kuna fremu inayonyumbuka, na kuna kipande chote cha nondo kilicho nje ya alama za urefu wa kupimia. Kwa urefu wa kupimia wa mm 50, nondo hiyo hurefuka mm 0.125 tu kabla ya kulegea. Kiasi hicho humezwa. Moduli ya Young, yaani kipimo cha ukakamavu wa chuma, inaweza kutoka gigapaskali (GPa) 40 badala ya 200. Mwanafunzi akiona 40 anaandika 200, maana ndiyo aliyoikariri, na anapewa alama zote. Huko ni kumfundisha kughushi. Aliyeandika 40 akaeleza 160 zimepotelea wapi ndiye mhandisi.

Wakati mtambo unasubiriwa, somo linaweza kuendelea. Chukua flatibaa (chuma bapa) ya mm 25 kwa 6, ileile ya mafundi mageti. Ibane kwenye jiliwa (kibanio cha mezani) ibaki imechomoza mm 500, kisha tundika kilo moja nchani. Hesabu inatoa mshuko wa mm 4.5. Igeuze isimame kwa ukingo: kilo ileile inaishusha mm 0.26, pungufu mara 17, na hakuna gramu ya chuma iliyoongezwa. Mwanasayansi Galileo aliichora boriti ya namna hii mwaka 1638, na nguvu yake akaikadiria mara tatu ya ile halisi. Si aibu mwanafunzi kuanzia hapo.

Ikishuka zaidi ya hesabu, pima unene kwanza. Unene umo kwenye fomula kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo flatibaa iliyouzwa kuwa ya mm 6 ikiwa na 5.7 hushuka asilimia 17 zaidi. Urefu nao una kipeo hichohicho: mm 10 zilizozidi ni asilimia 6. Jiliwa ndilo gumu kugundua. Lisipokaza sawasawa, chuma huzunguka kidogo mdomoni mwake, na mzunguko huo huzidishwa kwa urefu wote. Ndiyo maana tunataka dayo geji (saa ya kupimia mwendo mdogo) mbili kwa kila meza, moja nchani, nyingine karibu kabisa na jiliwa.

Flatibaa hiyo ndiyo roshani ya ghorofa, Mheshimiwa: imeshikwa upande mmoja tu, na kina chake ndicho kinachobeba. Slabu ya mm 150 yenye nondo za mm 12 upande wa juu na kava (zege linalofunika nondo) ya mm 25 ina kina cha mm 119 kinachofanya kazi, kutoka chini ya slabu hadi katikati ya nondo. Vibarua wakizikanyaga wakati wa kumwaga zege zikashuka mm 40, kinabaki mm 79, na uwezo wa kubeba umepungua kwa theluthi moja. Mkaguzi akihesabu nondo atazikuta zote. Aliyewahi kugeuza flatibaa ataingiza rula kupima kina.

Makundi ya maabara yasizidi wanafunzi watano. Vipimo viandikwe kwa wino na kusainiwa na fundi maabara kabla kundi halijatoka. Kwenye mtihani, mchoro wa momenti ya kupinda (nguvu mara umbali wake) uwe na alama zake kabla ya fomula, na vipimo vinavyoingizwa kwenye fomula vikaguliwe: anayeweka kipenyo mahali pa nusu kipenyo huzidisha eneo la nondo mara 4, na ukinzani wa shafti kwa msokoto mara 16, na kompyuta itampa jibu bila kuuliza.

Mwisho, kalibresheni (uhakiki wa usahihi) ya mtambo kila mwaka na ajira ya fundi maabara viwe na kifungu chake kwenye bajeti, visikatwe kwenye fungu la matengenezo ya majengo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wahadhiri na mafundi maabara wa mekanika ya matirio