Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kuwapanga Watafiti wa Sayansi ya Wanyama na Tiba ya Mifugo kwa Idadi ya Kunukuliwa

Ndugu wanachama,

Mkutano Mkuu uliopita uliiagiza Kamati Tendaji iandae orodha ya watafiti wanaoongoza katika sayansi ya wanyama na tiba ya mifugo, wakipangwa kwa kuhesabu mara ambazo kazi zao zimenukuliwa na watafiti wenzao. Shughuli nyingine za mwaka zimekwenda kama zilivyopangwa, na hesabu zake mtazisikia kwa Mweka Hazina. Mimi nitajikita katika agizo hili, kwa kuwa ndilo lililotuchukulia muda mwingi na ndilo ninaloomba mlitolee uamuzi.

Tulianza na kipimo cha h, kilichopendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch. Mtafiti mwenye makala zilizonukuliwa mara 40, 22, 9, 5, 5 na 3 ana h ya 5, kwa sababu makala zake 5 zimenukuliwa angalau mara 5 kila moja. Mwenye makala zilizonukuliwa mara 900, 4 na 2 ana h ya 2 tu, hata kama ile ya kwanza ndiyo iliyobadilisha namna ugonjwa fulani unavyotambuliwa. Ni kipimo chepesi, na makala moja iliyovuma haiwezi kukipandisha peke yake. Hata hivyo hakishuki kadiri miaka inavyopita, hivyo humbeba mkongwe kuliko kijana, wala hakimtofautishi mwandishi wa kwanza na wa ishirini.

Katika rasimu yetu ya kwanza jina moja lilipanda hadi karibu na kilele. Mjumbe mmoja alishangaa kuona mtu huyo ameandika juu ya minyoo ya kondoo, lishe ya kuku na upasuaji wa farasi ndani ya mwaka mmoja. Tulipofungua makala moja baada ya nyingine, tukakuta ni watu watatu wenye jina la ukoo na herufi ya mwanzo zinazofanana. Nilikuwa nimekwisha kuitia saini rasimu hiyo, na kwa hilo nawaomba radhi.

Chanzo cha takwimu nacho hubadilisha matokeo. Google Scholar, mtambo wa kutafutia maandiko ya kitaaluma, hukusanya makala pamoja na tasnifu na ripoti, kwa hiyo hesabu zake kwa kawaida huwa kubwa kuliko za Scopus au Web of Science, hifadhidata za machapisho ambazo huchagua majarida ya kuingiza. Anayechapisha katika jarida lisiloingizwa huko anaonekana kama hajaandika.

Linalonisumbua zaidi ni tofauti kati ya fani na fani. Anayechunguza magonjwa yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa binadamu husomwa na madaktari wa watu pia, na hunukuliwa nao. Anayechunguza malisho au mbegu za asili ana wasomaji wachache wanaoandika. Mfugaji aliyeokoa ndama wake kwa ushauri wa mtafiti haandiki makala. Tazameni sotoka, ugonjwa hatari wa ng'ombe: chanjo iliyotengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya, ilikuwa miongoni mwa nguzo za kampeni iliyouangamiza ugonjwa huo, na mwaka 2011 ukatangazwa kutokomezwa duniani, wa pili baada ya ndui. Maarifa ya aina hiyo yakishakuwa ya kila mtu, watu huyatumia bila kumtaja aliyeyaleta, na hakuna hesabu ya nukuu inayoweza kulifidia hilo.

Wapo waliojitahidi kurekebisha kasoro hizi. John Ioannidis, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, na wenzake hutoa orodha inayounganisha viashiria sita, hulinganisha watafiti ndani ya fani zao, na huonyesha hesabu pamoja na bila ya nukuu za mtu kujinukuu mwenyewe. Ilani ya Leiden ya mwaka 2015, mwongozo wa wataalamu kuhusu matumizi ya takwimu katika kutathmini utafiti, kwa upande wake inataka takwimu ziunge mkono uamuzi wa wataalamu walioisoma kazi yenyewe. Kamati imeona huo ndio msimamo unaofaa.

Kwa hiyo tunapendekeza chama kisitoe nafasi ya kwanza, ya pili wala ya mia. Tutoe orodha kwa kila fani, majina yakifuata alfabeti, hesabu zikitajwa pamoja na chanzo na tarehe ya kuzichukua, nukuu za kujinukuu zikitengwa, na kila mtafiti akieleza kwa aya moja kazi yake iliyomnufaisha mnyama au mfugaji. Najua baadhi yenu mlitarajia orodha yenye namba, na nimezisikia hoja zenu kwamba vyuo na wafadhili huzitaka. Hoja hizo zimeambatanishwa na pendekezo hili ili zijadiliwe kabla ya kura.

Kila mwanachama anaombwa apitie kumbukumbu za machapisho yake zilizoko kwa Katibu na kuonyesha makala zisizo zake au zilizoachwa, kabla ya kikao cha upigaji kura.

Mwenyekiti